Kesi Inayofia Mlangoni

Sogeeni, wanangu wa Illasit. Ukivuka mpaka hapo Tarakea, ukazunguka Kilimanjaro kupitia Rombo na Moshi, unafika Arusha, makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kabla ya kusimama mahali kama pale, wanafunzi wa sheria hujifunza kwa kuigiza. Yako mashindano yaliyoanza mwaka 1992 chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Vyuo vya Afrika nzima hupewa kesi moja ya kubuni, na kila timu hutetea pande zote mbili: leo raia aliyefukuzwa kwenye ardhi yake, kesho serikali iliyomfukuza. Majaji nao hawakuachi umalize. Wanakukatiza kwa maswali.

Wengi hudhani ushindi huletwa na sauti nzito na maneno yanayotiririka. Mimi nasema timu nyingi huangukia mlangoni. Maana kabla ya kuuliza nani ana haki, jaji huuliza: je, mahakama hii ina mamlaka ya kusikiliza kesi hii?

Wazee wetu walilijua swali hilo kwa uchungu. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondoka Bonde la Ufa, wakiahidiwa na Waingereza kwamba Laikipia ni yao maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine: wahame tena, waje huku kusini. Parsaloi ole Gilisho na wenzake wakaweka wakili, wakafungua kesi, na mwaka 1913 mahakama ya Mombasa ikawakatalia. Majaji hawakusema Wamaasai ni waongo. Walisema mikataba ile ni ya dola na dola, hivyo hawana uwezo wa kuiamua. Madai yenyewe ya ardhi hayakupimwa kabisa!

Sasa wasikieni Waogiek wa Msitu wa Mau. Walipoamriwa kuondoka msituni mwaka 2009, malalamiko yao yalifika hadi Arusha. Serikali ya Kenya ikaweka mapingamizi ya awali, ikitaka kesi isisikilizwe. Mahakama ikayatupa, ikasikiliza kesi, na tarehe 26 Mei 2017 ikaamua kwamba haki zao, ya ardhi ikiwemo, zilikiukwa.

Kesi hizo mbili ningependa zisomwe kwa pamoja na yeyote atakayetoka hapa kwenda kusomea sheria. Siku jaji wa kuigiza atakapomkatiza, "Wakili, kwa nini tukusikilize?", awe tayari ameandaa majibu mawili: la mlalamikaji na la serikali.