Injini au mota?

Fundi wangu wa pampu ana kanuni moja: kinachokunywa mafuta ni injini, kinachokula umeme ni mota. Pampu ya dizeli ina injini, ya umeme ina mota, mjadala umekwisha. Wavuvi wa pwani wao hata hawajihangaishi. Kile kinachofungwa tezini mwa boti ni mashine tu. Vuta kamba mara mbili tatu, mashine ikohoe moshi, rafadha ianze kukata maji na kuyatupa nyuma. Boti nayo inakwenda mbele.

Kutupa kitu nyuma ili uende mbele ndiyo siri yote, na Newton aliiandika mwaka 1687. Ndege kubwa ya abiria hutupa hewa. Watu hudhani ni ule moto wa ndani unaoisukuma, kumbe sehemu kubwa ya msukumo hutoka kwenye pangaboi kubwa la mbele, moto ukiwa na kazi ya kulizungusha.

Roketi ndiyo iliyonivurugia kanuni ya fundi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi aina ya Scout ilirusha setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Scout ilikuwa na hatua 4, zote za mafuta yabisi. Humo hamna pistoni wala pampu: ni bomba lililoshindiliwa mafuta makavu, lenye tundu katikati na mdomo nyuma. Fataki, kwa kweli, ila ya tani nyingi, na ikishawashwa hungoji izimwe, unangoja iishe. Inachoma mafuta, lakini wahandisi wanaotumia Kiingereza huiita mota. Jina la injini wameiwekea roketi ya mafuta ya majimaji, yenye pampu na vali.

Halafu kuna Dawn, chombo cha Marekani kilichoondoka duniani mwaka 2007, kikafika kwenye asteroidi Vesta mwaka 2011 na sayari kibete Ceres mwaka 2015. Kilitumia umeme wa jua kuzichaji atomu za gesi ya zenoni na kuzirusha nje kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Msukumo wake haukuzidi uzito wa karatasi mbili za A4 kiganjani. Lakini ulikisukuma, ukijumlisha, kwa zaidi ya miaka 5, na angani hakuna upepo wa kukizuia. Wenyewe wanaiita injini ya ioni, ingawa haichomi chochote.

Nilimpelekea fundi kesi hiyo. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: "Inakula umeme?"

"Ndiyo."

"Kuna kinachozunguka?"

"Hakuna."

Akafikiri kidogo, akarudi kwenye pampu yake.

"Basi hiyo, ndugu yangu, iite mashine."