Kitunguu Bustanini, Chumvi Kidogo Chunguni

Wagonjwa wenye shinikizo la juu la damu huuliza mara kwa mara: je, kitunguu maji ni dawa? Jibu la kitabibu ni kwamba hakichukui nafasi ya dawa. Faida yake kubwa ipo jikoni: huleta ladha ambayo mpishi angeitafuta kwa kuongeza chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo katika mkate, samaki wa chumvi na viungo vya dukani. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huhifadhi maji mwilini na kuongeza msukumo wa damu, hali ambayo kwa miaka hudhuru moyo, figo na ubongo. Gramu 100 za kitunguu kibichi zina takriban miligramu 4 tu za sodiamu.

Kwa kaya za Ngara na Biharamulo, zinazolima migomba, maharage na mihogo, tuta moja la vitunguu linatosha kuanzia. Lisiwekwe chini ya migomba, kwani kitunguu huhitaji jua la kutosha. Wilaya hizi zi karibu na ikweta na mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo chagua mbegu za siku fupi, kama Red Creole, au Texas Grano ambayo si kali sana. Ukali wa kitunguu hutokana na kemikali zenye salfa. Chenye salfa kidogo huonekana kitamu zaidi, ingawa hakidumu ghalani.

Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Machi, kisha hamishia miche bustanini baada ya wiki sita hadi nane, masika yanapopungua, kwa kuwa unyevu mwingi huleta ukungu. Tumia samadi iliyooza vizuri, acha sentimita 10 kati ya miche, na mwagilia kiangazi. Majani yakianza kulala, acha kumwagilia. Vuna, kisha anika kivulini penye hewa hadi shingo zikauke.

Kwa chungu cha maharage yaliyochemshwa bila chumvi, katakata vitunguu viwili, uvikaange kwa mafuta kidogo na moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15. Ukali utapungua na utamu utajitokeza. Ongeza nyanya, kisha maharage. Chumvi itiwe mwishoni, kidogo, nayo iwe yenye madini joto. Kupunguza chumvi si sababu ya kuacha madini hayo yanayozuia rovu. Punguza hatua kwa hatua, kwani ulimi huzoea.

Yapo mambo ya kuzingatia. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Anayeacha vidonge akategemea maji ya kitunguu anaweza kujiona mzima hadi siku apatapo kiharusi. Anayetumia dawa ya warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kitunguu anachokula, kwa sababu yana vitamini K kwa wingi. Mwenye kiungulia au tumbo linalojaa gesi ale kwa kiasi.

Mhudumu wa afya anapoona shinikizo la mgonjwa halishuki, amuulize kwa upole: "Vidonge unavimeza kila siku? Nyumbani unatumia nini kingine?" Mgonjwa asiyeogopa kukemewa husema ukweli, na hapo ndipo ushauri huweza kumfaa. Naye mgonjwa akumbuke kwamba bustani, chungu na vidonge hufanya kazi pamoja, na kwamba kipimo cha kliniki ndicho kinachoonyesha kama vinatosha.