Bundi asomwe kwa anachokitema

Katika lugha zetu nyingi bundi huhukumiwa kabla ya kusikizwa. Kiswahili humtaja kuwa ndege wa uchuro, na mtu akinena kwamba bundi ametua juu ya paa la fulani, hana haja ya kuendelea: msikilizaji amekwisha kufahamu kwamba nyumba hiyo inangojewa na msiba. Waswahili wa pwani wana jina jingine, babewatoto, nalo halikutungwa kwa mapenzi. Wagikuyu humwita ndundu, Wajaluo tula, Waganda ekiwuugulu, na msomaji akiyatamka taratibu atasikia kwamba baadhi ya majina hayo si chochote ila mlio wenyewe wa ndege uliofanywa nomino. Hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina. Bundi tunamjua kwa masikio. Sauti yake tumeizoea na kuiogopa, lakini ni wachache mno miongoni mwetu, walimu wakiwemo, wanaoweza kusema kwa yakini bundi wa kijiji chao alikula nini usiku wa kuamkia leo.

Ilhali jibu liko mchana kweupe, limelala chini ya mti anaoshinda ndege huyo au sakafuni mwa ghala aliloligeuza makao. Bundi hana meno ya kutafunia. Panya akimnasa humeza mzima mzima, au akiwa mkubwa humrarua mapande, nyama, manyoya na mifupa kwa pamoja. Tumboni nyama huyeyushwa, na yale yasiyoyeyuka, yaani mifupa, manyoya, kucha, midomo ya ndege na magamba ya wadudu, huzuiliwa katika firigisi na kukandwa hata yakawa donge moja lililoshikana. Baada ya saa kadhaa bundi huinama, hutikisa kichwa na kulitema. Mwewe na jamaa zake nao hutema madonge ya namna hii, lakini tindikali ya matumbo yao ni kali zaidi na huila mifupa mingi. Ya bundi ni hafifu, na kwa sababu hiyo mafuvu na mataya hutoka karibu kama yalivyoingia.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, sikosi kuuliza: kitu hiki kiitweje? Watoto wengi hukiita mavi ya bundi, na hilo si kweli, kwani hakikupita huko. Kukiita matapishi pia si sawa, maana matapishi ni ishara ya ugonjwa na bundi huyu ni mzima wa afya. Kitenzi kucheua tumekwisha kumpa ng'ombe, ambaye hurudisha chakula apate kukitafuna tena, jambo ambalo bundi hana nia nalo. Mimi napendelea kitonge. Tonge la ugali hufinyangwa kwa mkono nje ya mwili, kisha likaingia kinywani. La bundi hufinyangwa ndani, kisha likatoka kwa mlango ule ule. Basi katika makala haya nitasema vitonge.

Nimekuwa na sababu ya kulitafakari suala hili tangu nilipoalikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili katika shule moja ya eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu. (Jina Manyatta lenyewe asili yake ni Kimaasai, ingawa wenyeji wa hapo ni Waembu, majina ya mahali husafiri bila kuomba ruhusa.) Nchi hiyo huinuka kutoka mji wa Embu kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Chini ni kahawa, mahindi na maharagwe, na kadiri unavyopanda ndivyo majani chai yanavyotawala. Mkulima wa huko ana adui wawili wa meno. Mmoja ni panya wa shambani na ghalani. Wa pili ni fuko, mchimbaji asiyechoka, alaye mizizi ya viazi na migomba kutoka chini, hata mkulima akajikuta ameshika shina lisilo na kitu. Wagikuyu humwita huko, nasi fuko. H kwao na f kwetu, neno moja la kale la Kibantu lililogawanyika. Ni dhahiri kwamba mababu zetu walikuwa wakilalamika juu ya mnyama huyu kabla hatujaachana ndimi.

Shuleni hapo, bundi wawili weupe, wenye uso wa umbo la moyo, walikuwa wamezaa juu ya dari la ghala la chakula. Ikatokea kwamba mzee mmoja wa kijiji alifariki dunia baada ya bundi kusikika usiku kucha. Baadhi ya wazazi walidai kiota kiondolewe, na kikaondolewa: makinda yalitolewa na kuuawa kwa fimbo mbele ya wanafunzi. Shtaka la pili lilikuwa kwamba ndege hao huiba vifaranga vya kuku. Mwalimu wa biolojia, ambaye hakuwa na uwezo wa kuizuia amri, aliomba jambo moja tu, kwamba vitonge vilivyotapakaa sakafuni vizolewe katika katoni kabla ya ghala kufagiwa. Wiki iliyofuata wanafunzi wake walivifungua. Nilioneshwa walichokipata, kikiwa kimepangwa juu ya karatasi nyeupe: mataya ya panya, mengi, tena mengi, mafuvu machache ya kirukanjia, na manyoya ya ndege wadogo wa porini. Mfupa wa kifaranga haukuwemo hata mmoja. Kesi ilisikizwa baada ya washtakiwa kunyongwa.

Nilimwuliza msichana mmoja wa kidato cha pili jinsi alivyojua kwamba hili ni taya la panya na lile si lake. Alinieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Panya ana meno marefu ya mbele yaliyopinda, kisha pengo tupu, kisha magego. Kirukanjia, yule mnyama mdogo wa pua ndefu na harufu kali, hana pengo. Meno yake ni safu ya ncha kali tangu mbele hadi nyuma, kwa kuwa yeye hula wadudu. Fuko hutambulika kwa meno ya mbele makubwa ya rangi ya machungwa. Panya wa nyasi za milimani ana mifereji iliyochongeka juu ya meno yake ya mbele. Ndege ana mdomo.

Kuhesabu nako kuna adabu yake. Mifupa haihesabiwi ovyo, la sivyo panya mmoja atageuka kumi. Hutenganishwa mataya ya chini ya kushoto na ya kulia, na idadi iliyo kubwa ndiyo huchukuliwa. Ukipata ya kushoto saba na ya kulia matano, basi walioliwa hawapungui saba. Vifaa ni sahani, maji ya uvuguvugu, vibanio na uvumilivu. Vitonge viokwe kwanza ili viini vya maradhi vife, mikono ivishwe glavu na kuoshwa kwa sabuni baadaye, maana panya hubeba magonjwa hata akiwa amekwisha kufa. Kwa yule atakayetaka uhakika wa spishi, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana mafuvu ya kulinganishia.

Wala hili si zoezi la watoto pekee. Mlima huo unaotazama Manyatta ndio uliompa bundi mmoja mkubwa jina la kigeni. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni mwaka 1899, ndiye anayekumbukwa katika jina la bundi wa Mackinder, ndege wa nyanda za juu mwenye manyoya yaliyosimama kama masikio na macho ya rangi ya machungwa. Mwaka 1972 jarida la jumuiya ya historia ya asili ya Afrika Mashariki lilichapisha uchunguzi wa bundi huyo katika shamba moja nchini Kenya. Miaka mingi baadaye mtafiti Darcy Ogada alimfuatilia katika mashamba ya Kenya ya kati na kupata shahada ya uzamifu mwaka 2008 kwa kazi iliyounganisha kilimo, imani za watu na maisha ya ndege huyo. Vitonge vya bundi wa Mackinder vimesema jambo moja bila kubadili kauli: chakula chake kikuu ni fuko na panya wa nyasi. Yaani yule yule anayemliza mkulima. Huko Kiawara, Nyeri, wapo wakulima waliowahi kupokea fedha za watalii waliokuja kumtazama, bundi huyo huyo ambaye kwingine hupigwa mawe.

Na ukienda Olduvai, Tanzania, utakuta wataalamu wakiisoma mifupa midogo iliyomo katika tabaka za miamba zenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Mingi kati yake ilifika hapo kwa matumbo ya ndege wawindao, bundi wakiwemo. Kutokana na aina za panya waliokuwa wakiliwa, wataalamu hao wamesoma jinsi nchi ile ilivyokuwa na unyevu na miti, kisha ikaendelea kukauka. Bundi aliyekufa zamani hizo ametuachia habari ambayo hakuna binadamu aliyeiandika.

Sitaki nieleweke kuwa nampamba bundi kupita kiasi. Kitonge husema aliyeliwa, hakisemi waliobaki shambani. Minyoo na vitu laini havionekani ndani yake, au huonekana kwa shida. Bundi wa msituni, yule mwenye madoadoa na macho meusi, hula wadudu zaidi, na vitonge vyake ni vya kuvunjikavunjika, vimejaa magamba ya mende. Aidha, panya wa shambani mwenye chuchu nyingi huweza kuzaa kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na mwaka wa mvua nzuri hakuna jeshi la bundi litakalomshinda. Hata hivyo, bundi mweupe hukadiriwa kula panya watatu au wanne kwa usiku. Chukua watatu, zidisha kwa siku 365, upate 1,095. Mkulima atakayesema idadi hiyo ni ndogo na aseme.

Linalonitia hofu zaidi ya fimbo ni sumu. Dawa nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu isigande, na hazimwui panya papo hapo. Humchukua siku kadhaa, na katika siku hizo hutembea kwa kuyumba, akawa windo jepesi kuliko yote. Bundi humla pamoja na sumu iliyo mwilini mwake, nayo hujilimbikiza katika ini. Kwa hiyo shule inayoua bundi Januari na kununua sumu Machi inalipa mara mbili, na hata bundi wa shule jirani anaweza kuangamia kwa ununuzi huo.

Mtaala wa umilisi unawataka walimu watumie vitu vilivyopo katika mazingira ya mwanafunzi, na ninasikia malalamiko ya kila siku kwamba vifaa havipo. Hiki kipo na hakiuzwi. Mwalimu wa sayansi atapata mifupa, mwalimu wa hisabati jedwali la idadi, wa kilimo hasara ya panya. Mwalimu wa Kiswahili naye asidhani ameachwa nje: mwanafunzi aliyeshika taya mkononi hulazimika kutafuta maneno ya kulieleza, na insha ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa jirani.

Lipo ombi langu moja kwa walimu na wanafunzi watakaosoma makala haya, hasa wa Embu, Mbeere na Meru. Neno kitonge ni pendekezo langu tu. Nadhani wachungaji na warina asali, watu wanaoshinda chini ya miti, walikiona kitu hiki zamani na kukipa jina. Waulizeni wazee wenu, mkilipata nitumieni kupitia kwa mhariri, pamoja na jina la kijiji na maana ya neno lenyewe.