Dhahabu iliyopauka si lazima iwe feki

Wachimbaji wadogo hukutana na hili: dhahabu imetoka mwambani ikiwa imepauka, mnunuzi anasema ni feki, kisha anataja bei ya kutupa. Kabla hujakubali, tukueleze kuhusu elektramu.

Elektramu ni mchanganyiko wa dhahabu na madini ya fedha uliotengenezwa na ardhi yenyewe. Maji ya moto yaliyo chini sana hubeba madini hayo mawili, hupita kwenye nyufa za miamba, na yakipoa huyaacha humo pamoja. Fedha ikizidi asilimia 20 hivi, rangi ya manjano hufifia kuelekea weupe.

Uzito nao hupungua. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule. Fedha ni mara 10.5. Ndiyo maana wanunuzi hupima mzigo hewani, kisha ndani ya maji.

Tuseme una gramu 10 zenye fedha asilimia 30. Humo mna gramu 7 za dhahabu halisi, karibu karati 17. Hizo 7 unastahili kulipwa.

Tena usiamini macho pekee. Punje za mtoni mara nyingi huwa na manjano zaidi juu kuliko ndani, kwa kuwa fedha ya juu imeondoka. Tunashauri uende soko la madini lenye mashine ya kupimia, uone asilimia mwenyewe, ndipo mzungumze bei.