Njia ya Mwongo ni Fupi: Barabara Iliyonyang'anywa Baba Yake

Liko swali moja ambalo halikosekani katika mashindano ya chemsha bongo, na hata barazani mtu hulisikia kahawa inapozunguka: ni nani aliyeanzisha zile barabara kuu za magari za Ujerumani, ziitwazo Autobahn? Jibu huja upesi: Adolf Hitler. Kisha hufuata nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: "Huyo bwana msemeni mtakavyo, lakini angalau aliwajengea watu wake barabara."

Nami kwa miaka mingi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Si wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja? Lakini sisi tuliokaa juu ya jamvi la chuoni tulifunzwa pia kwamba habari haipokewi kwa wingi wa wasemao. Hupokewa kwa kuulizwa: wewe umeipata kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani? Basi, msomaji wangu, na tuifuate habari hii kinyumenyume mpaka tufike ilikotoka.

Tuanze na tarehe. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933. Barabara ya kwanza ya Ujerumani ya kuunganisha miji miwili kwa ajili ya magari peke yake, ile itokayo Cologne hadi Bonn, ilifunguliwa tarehe 6 Agosti 1932. Yaani miezi mitano na ushei kabla bwana huyo hajakalia kiti. Aliyeifungua alikuwa Konrad Adenauer, meya wa Cologne. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 20. Hakuna njia nyingine iliyoikata katikati, wala hapakupita mkokoteni wala mwenda kwa miguu. Kazi yake ilianza mwaka 1929, wakati wa dhiki kubwa, na wengi walioifanya ni watu waliokuwa wamekosa ajira.

Wala Wajerumani wenyewe hawakuwa wa kwanza duniani. Kule Italia, mhandisi Piero Puricelli alikwisha kutengeneza barabara ya magari peke yake kutoka Milan kuelekea kwenye maziwa ya kaskazini, nayo ilifunguliwa mwaka 1924. Na ile ramani ya njia ndefu ya kuivuka Ujerumani, kutoka Hamburg kupitia Frankfurt mpaka Basel, ilichorwa na chama cha wataalamu kilichoundwa mwaka 1926. Chama cha Hitler, kabla hakijapata serikali, kiliupinga mpango huo bungeni.

Ikawaje basi mpingaji akageuka kuwa mwanzilishi? Alipopata madaraka aliikuta ramani tayari mezani, akaichukua. Tarehe 23 Septemba 1933 alishika sepetu mbele ya wapiga picha karibu na Frankfurt, akachimba udongo kidogo. Tarehe 19 Mei 1935 kipande cha Frankfurt hadi Darmstadt kikafunguliwa kwa shangwe na magwaride, watu wakaambiwa: hii ndiyo ya kwanza. Na ile ya Cologne na Bonn? Iliteremshwa daraja, ikaandikwa kuwa barabara ya kawaida, ili isihesabiwe. Adenauer naye alikuwa amekwisha kuondolewa kwenye umeya tangu Machi 1933. Ukiivuta kamba ya habari hii, utaukuta mwisho wake mkononi mwa wizara ya propaganda. Huyo ndiye mpokezi wa kwanza, na mpokezi wa namna hiyo hapokelewi.

Husemwa pia kwamba barabara hizo ndizo zilizomaliza ukosefu wa kazi. Tupige hesabu. Mwanzoni mwa 1933 Wajerumani wasiokuwa na kazi walikuwa kama milioni 6. Waliofanya kazi barabarani, katika mwaka wa wingi wao kabisa, 1936, walikuwa kama 125,000. Hao ni watu wawili tu katika kila mia. Na vita vilipokuja, walioshurutishwa kufanya kazi hizo walikuwamo mateka na Mayahudi, bila hiari yao.

Haki ya mtu haiondolewi, hata akiwa dhalimu. Kilomita nyingi katika zile kama 3,800 zilizokuwapo kazi iliposimamishwa wakati wa vita zilijengwa chini ya utawala wake. Kujenga alijenga, kuanzisha hakuanzisha. Mambo haya ni mawili, na mwenye kuyachanganya amewadhulumu waliotangulia.

Huenda mtu akauliza: yanatuhusu nini sisi, barabara za Ulaya? Yanatuhusu kwa lile neno "angalau". Neno hilo ni dogo, lakini kazi yake ni kubwa: humtafutia dhalimu udhuru. Leo limesemwa juu ya Hitler, kesho litasemwa juu ya mwingine aliye karibu zaidi, atakayekata utepe wa kazi ya wenziwe na kutaka asamehewe roho za watu kwa sababu ya lami.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilienda mbali, lakini mwisho ilifika. Adenauer alirudi, na mwaka 1949 akawa Chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Barabara yake nayo ilirudishiwa daraja lake mwaka 1958, na mpaka leo magari yanapita juu yake.

Basi ukiulizwa tena swali lile, jibu unalo: Cologne hadi Bonn, 1932, meya Konrad Adenauer. Na akitokea wa kusema "angalau", mwulize kwa upole: habari hiyo umeipokea kwa nani?