Mlima Karisimbi

Watoto wa Bunia wanajua mpaka. Ukishuka mpaka Kasenyi unaona maji tu. Lakini mpaka wa Kongo na Uganda unapita katika maji yale ya Ziwa Albert. Sasa tusome habari za mlima mrefu wenye mpaka juu yake.

Toka Bunia, safiri kwenda kusini. Pita Beni, Butembo na Rutshuru. Kabla ya kufika Goma utaona milima ya Virunga. Milima mikubwa ni minane, na Karisimbi unaipita yote: una meta 4,507. Upande mmoja ni Kongo, upande wa pili ni Rwanda. Siku za baridi kilele chake huwa cheupe kwa theluji, kama simbi. Ndiyo asili ya jina lake.

Mlima huu ulitokeaje? Chini sana ardhini kuna joto kali linaloyeyusha mawe. Zamani za kale ardhi ilipasuka, mawe hayo yakatoka kama uji unaofurika chunguni. Yakamwagika, yakapoa, yakawa magumu. Baadaye yakaja mengine juu yake. Hivyo mlima ukakua.

Mlima wa namna hii huitwa volkano. Karisimbi umelala, lakini jirani yake Nyiragongo yu macho. Mwaka 2002, na tena mwaka 2021, moto wake ulishuka ukaunguza nyumba nyingi. Hata hivyo watu hulima karibu na milima hii, kwa sababu udongo wake una rutuba.

Mwaka 1910 wakubwa wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels wakapatana juu ya mipaka ya huko. Walichora mstari kwenye karatasi. Lakini gorila wa mlimani hawajui mstari huo. Leo wanakula majani Kongo, kesho wanalala Rwanda. Mtego ukitegwa upande mmoja, nchi zote mbili zinapata hasara.

Kwa hiyo walinzi wa Kongo, Rwanda na Uganda husaidiana. Mwaka 1981 gorila wa Virunga walikuwa kama 254 tu. Katika hesabu ya miaka 2015 na 2016 walionekana 604. Majirani wakishirikiana, mali yao huongezeka.

Maulizo
1. Karisimbi uko kati ya nchi gani?
2. Volkano hukua namna gani?
3. Kwa nini nchi moja peke yake haiwezi kuwalinda gorila?