Kitana Kilichopakwa Dawa: Kinatunza Nywele au Kinatunza Mauzo?

Ukipita katika maduka ya dawa na vipodozi ya hapa Sydney, kuanzia George Street mpaka Parramatta, utaona kwamba kitana hakiuzwi tena kama kitana tu. Kimoja kimeandikwa kuwa kina mafuta ya argani, kingine keratini, cha tatu seramiki na turumalini, cha nne madini ya fedha yanayoua vijidudu. Bei nayo hupanda kufuatana na maneno. Kitana kisicho na sifa yoyote hununuliwa kwa dola chache. Chenye sifa huweza kuwa ghali mara kadhaa. Kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba katika mji huu, tofauti hiyo ni chakula cha siku mbili.

Swali ni rahisi: ule upako unafanya nini? Linatuhusu sote, lakini linawahusu zaidi wenye nywele za kipilipili, kwa sababu ndizo zinazokatika zaidi katika meno ya kitana, na ndizo zinazoahidiwa miujiza mingi zaidi.

Kwanza tuelewane maneno

Kifaa kidogo chenye meno yaliyokaribiana ni kitana. Kile kikubwa chenye meno mapana ni chanuo, na wengine husema shanuo. Kazi ya vyote viwili ni kuchana. Nywele zilizonyooka na laini ni za singa; zilizojiviringisha kwa vipete vidogo ni za kipilipili. Unga mweupe unaoanguka mabegani ni mba.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo wanafunzi wengi huichanganya, nayo ndiyo ufunguo wa mambo yote: kukatika na kunyonyoka. Unywele ukikatika, umevunjika katikati au nchani, na shina lake limebaki kichwani. Ukinyonyoka, umetoka na mzizi wake. Chukua unywele uliobaki kwenye kitana chako uutazame. Ukiwa na kidonge kidogo cheupe upande mmoja, umenyonyoka. Usipokuwa nacho, na ukiwa mfupi kuliko wenzake, umekatika.

Mtu mzima hunyonyoka nywele kama 50 hadi 100 kwa siku, na hilo ni jambo la kawaida. Kitana kizuri kinaweza kupunguza kukatika. Lakini kunyonyoka huanzia chini ya ngozi, mahali ambapo meno ya kitana hayafiki, isipokuwa pale nywele zinapovutwa kwa nguvu mara kwa mara, kama katika misuko iliyobana mno. Basi tangazo linalodai kwamba upako wa kitana huzuia nywele kunyonyoka limechanganya maneno mawili, ama kwa kutojua ama kwa kusudi.

Unywele hauna mdomo

Unywele unaoonekana nje ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nje umefunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, yakielekea nchani. Magamba yakilala vizuri, unywele hung'aa na kuteleza. Yakiinuka au kubanduka, nywele hukwaruzana, hushikana, na mwisho hukatika. Unywele wa singa umenyooka, hivyo kitana hupita bila kizuizi kikubwa. Wa kipilipili una kona nyingi, na ukiukata kwa upana umbo lake si duara bali ni duara lililobanwa. Kila kona ni mahali pa udhaifu, na kila kona ni mahali ambapo jino la kitana linaweza kukwama.

Kwa kuwa hauna uhai, unywele hauwezi "kulishwa". Neno hilo limejaa kwenye vifungashio, lakini unywele hauna mdomo wa kulia. Unachoweza kufanyiwa ni kulainishwa, kufunikwa, na kulindwa usipoteze ulicho nacho. Mafuta ya nazi ni mfano mzuri. Utafiti wa wanasayansi wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ukaona kwamba ni ya nazi tu yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele. Sababu waliyoitoa ni kwamba asidi ya lauriki, iliyo nyingi katika nazi, ina molekuli ndogo na nyoofu inayoweza kupenya ndani ya unywele. Bibi zetu wa Lamu, Unguja na Bagamoyo hawakuwa na hadubini, lakini tui walikuwa wakilichemsha hadi mafuta yakajitenga.

Hesabu ya matone

Ikiwa mafuta yanafaa, je, kitana kilichopakwa mafuta hakifai? Tupige hesabu. Tuseme meno yake yote kwa jumla yana eneo la sentimita za mraba 50, na upako una unene wa milimita 0.02, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele wa kawaida. Zidisha, utapata mililita 0.1. Hayo ni matone mawili hivi.

Na hapo tumechukulia kwamba upako wote ni mafuta matupu, jambo lisilowezekana, maana mafuta matupu yangechuruzika ndani ya pakiti. Lazima yachanganywe na kitu kingine ili yashike. Lakini tuwe wakarimu, tuseme ni mafuta matupu. Ukitumia kitana hicho kila siku kwa mwaka mzima mpaka upako uishe, kichwa chako kitakuwa kimepata tone moja kwa kila miezi sita.

Hapo ndipo penye mtego. Upako ama unatoka ama hautoki. Ukitoka, utaisha, na utabaki na kitana cha kawaida ulichokinunua kwa bei isiyo ya kawaida. Usipotoka, mafuta yaliyofungiwa ndani yake hayatakufikia kamwe. Mtengenezaji hawezi kukuahidi kwamba upako utadumu na papo hapo kwamba utahamia kwenye nywele zako.

Upako wenye kazi

Hii haina maana kwamba kila upako ni uongo. Upako hufaa pale unapobadilisha namna jino linavyougusa unywele.

Vitana vingi vya bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki inayomiminwa katika kalibu ya vipande viwili. Vipande hivyo vinapokutana huacha mshono mwembamba katika kila jino. Pitisha ukucha na utausikia. Mshono huo ni kama wembe mbovu kwa magamba ya unywele. Upako laini wa seramiki ukiufunika vizuri mshono huo, umefanya kazi ya maana. Lakini kitana kisicho na mshono tangu mwanzo hufanya kazi hiyo hiyo. Tangu katikati ya karne ya 19 vitana vilitengenezwa kwa eboniti, yaani mpira mgumu uliopikwa na salfa, ambao jina lake lilitokana na ule mti mweusi uitwao ebony, kwa sababu ya weusi na ugumu wake. Vile vilivyo bora vilikatwa meno kwa msumeno na kusuguliwa mpaka vikateleza.

Seramiki ina kazi ya pili katika brashi za kukaushia nywele kwa joto, kwani husaidia kusambaza joto badala ya kuliacha likusanyike mahali pamoja. Kama hutumii joto, faida hiyo haikuhusu.

Turumalini ni jiwe lenye tabia ya kweli na ya ajabu: likipashwa moto, hupata chaji ya umeme pande zake mbili. Kutoka kwenye ukweli huo matangazo huruka hadi kwenye "ioni hasi" zinazorudisha afya ya nywele. Umeme tuli ni tatizo halisi, hasa wakati wa baridi upepo mkavu wa magharibi unapovuma Sydney na hita zimewashwa ndani; plastiki ikisuguana na nywele, nywele husimama. Lakini dawa yake ni nyepesi. Tumia kitana cha mbao, au lowesha viganja vyako kidogo uvipitishe kichwani.

Madini ya fedha nayo huua bakteria, hilo halina ubishi. Ila yakiwa yamegandishwa kwenye meno, kinacholindwa kwanza ni kitana chenyewe. Maji ya moto na sabuni mara moja kwa wiki yataondoa uchafu na mafuta ya zamani, ambavyo fedha haiviondoi.

Ngozi ya kichwa: ushahidi wa Camperdown

Tofauti na unywele, ngozi ya kichwa iko hai, na dawa inaweza kuifaa. Hapa Sydney ina habari yake ya kujivunia. Mti wa melaleuka, ambao watu wa hapa huuita mti wa chai ingawa si chai ya Kericho wala ya Mufindi, huota kaskazini mwa jimbo letu la New South Wales. Wenyeji wa Bundjalung waliyatumia majani yake kama dawa tangu kale. Katika miaka ya 1920 mwanakemia Arthur Penfold, wa Makumbusho ya Teknolojia ya Ultimo, alichapisha matokeo yake kwamba mafuta ya mti huo huua vijidudu kwa nguvu kuliko asidi ya kaboliki iliyotumika wakati huo.

Mwaka 2002 madaktari wa ngozi wa hospitali ya Royal Prince Alfred, Camperdown, walichapisha jaribio la watu 126 wenye mba. Baadhi walipewa shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, wengine shampuu isiyo nayo. Baada ya wiki nne, hali ya kundi la kwanza ilikuwa imepata nafuu ya asilimia 41, ya kundi la pili asilimia 11.

Tazama masharti ya mafanikio hayo: kiasi kinachojulikana, kilichopakwa kichwani kila siku kwa wiki nne. Kitana kilichonuswa mafuta ya melaleuka hakina hata sharti moja kati ya hayo. Kutumia jina la dawa si kutumia dawa. Tena mafuta hayo yakizeeka na kuingiliwa na hewa huweza kuwasababishia wengine mzio wa ngozi.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi shangazi zetu. Mba huhusiana na kuvu inayoitwa malasezia, ambayo hula mafuta ya ngozi. Mwenye mba akiona ngozi kavu inambanduka, hukimbilia kuimwagia mafuta, na mara nyingi huwa anaipa kuvu chakula. Mafuta ni ya nywele. Mba itafutiwe shampuu yake, na ikizidi kuwasha au kutoa maji, itafutiwe daktari.

Kitana cha mafuta tulikuwa nacho

Kitana chenye mafuta si jambo geni pwani. Msusi humwaga mafuta kidogo kiganjani, hupitisha meno ya chanuo ndani yake, kisha huchana fungu moja baada ya jingine. Tofauti ni kwamba upako huo hutiwa upya kila siku, kiasi chake huonekana kwa macho, na ukitaka kuubadilisha unabadilisha chupa. Vitana vya mbao za mwarobaini, ambavyo utavikuta katika maduka ya Kihindi kama yale ya Harris Park, vina sifa nzuri ya mbao laini isiyo na mshono. Hiyo inatosha kuvinunua. Tusidai kwamba mbao kavu itatibu yale magonjwa arobaini.

Haki yako dukani

Sheria ya Walaji ya Australia, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2011, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Kitana kilichoandikwa kuwa kina keratini na kisiwe nayo unaweza kukirudisha na kudai fedha zako. Ukikataliwa, ofisi ya NSW Fair Trading hupokea malalamiko. Tunza risiti.

Kabla hujafika huko, jiulize maswali matatu ukiwa dukani. Upako huu unatakiwa kutoka au kubaki? Meno yana mshono? Ningenunua kitana hiki kama kisingeandikwa chochote? Kisha, nyumbani, kumbuka kwamba mkono hushinda upako. Wenye kipilipili, chaneni nywele zikiwa na unyevu na mafuta au kilainishi, kwa chanuo la meno mapana, mkianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Wenye singa, ngojeni zikauke kidogo kwanza, maana zikiwa chepechepe huvutika na kukatika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitana kinachozungumza sana kwenye rafu, kisikilize, halafu kipitishie ukucha kwenye meno.